Usitafsiri "Sabaoth" kama nilivyoitafsiri mimi

Ndugu yangu, usipeleke kwa mchapaji kijitabu hicho cha Misa cha Kilatini na Kiswahili. Umeuliza kama kamusi ya Kilatini na intaneti vinatosha kutafsiri sehemu ambazo kwaya itaziimba kwa Kilatini, na jinsi ya kupanga lugha hizo mbili katika ukurasa mmoja, kisha ukaweka mfano wako: "Ite, missa est" umeiandika "Nendeni, Misa ipo". Nilipousoma nilijiona mwenyewe wa miaka ile, na ndiyo sababu siwezi kukujibu kwa upole.

Mimi nilipewa kazi kama yako. Katika wimbo wa Mtakatifu nilikutana na maneno "Dominus Deus Sabaoth", na neno la mwisho sikulipata katika kamusi yangu, nikamwendea mtu aliyejulikana kwetu kama mjuzi wa Kilatini, sifa aliyoipata, nadhani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpinga. Hakufungua kitabu chochote. Alinijibu bila hata kuketi kwamba hiyo ni Sabato iliyoandikwa kwa tahajia ya kale. Nikaandika "Bwana Mungu wa Sabato", vikachapwa vijitabu 600, na Jumapili yenyewe waamini wakavishika mikononi. Misa ilipokwisha, mzee mmoja aliniuliza kwa adabu zote kama kuanzia juma lililofuata tungesali Jumamosi. Nilicheka naye, kisha nikaenda kulipia uchapaji wa pili kwa fedha zangu, na huko sikucheka.

"Sabaoth" si Kilatini kwa asili. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya majeshi, limetoka katika Isaya 6:3, pale maserafi wanapoitana, wala halina undugu na Sabato, ambayo mzizi wake ni mwingine kabisa, wenye maana ya kukoma au kupumzika. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Misale ya Kiswahili, kitabu cha sala za Misa, ilikuwapo sakristia muda wote huo, na ndani yake imeandikwa waziwazi "Bwana Mungu wa majeshi", maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiyatamka kila Jumapili tangu utotoni. Yule mjuzi naye aliyatamka. Nilipomrudia alidai kwamba nilimwelewa vibaya, na mpaka leo natafuta namna ya pili ya kulielewa neno "Sabato".

Kwa hiyo fungua Misale iliyoidhinishwa kabla ya kugusa kamusi. Karibu kila utakachoimba kimekwisha kutafsiriwa, na tafsiri ya liturujia si mali ya mwenye kamusi: kwa kanuni ya 838 ya Sheria ya Kanisa, huandaliwa na kupitishwa na mabaraza ya maaskofu, kisha hupelekwa kwenye Kiti cha Kitume, yaani Roma. Hata wao hubishana. Misale ya Kiingereza iliyatafsiri maneno "pro multis", ambayo padre huyatamka juu ya kikombe katika mageuzo ya divai, kuwa "kwa ajili ya wote" kwa miongo kadhaa, Roma ikaagiza marekebisho mwaka 2006, na waamini wakaanza kusikia "kwa ajili ya wengi" mwaka 2011. Maneno mawili tu hayo, nawe unataka kumaliza Misa nzima kwa usiku mmoja.

Hiyo "missa" yako ni nomino ya Kilatini cha baadaye yenye maana ya kuagwa, na ndiyo iliyolizaa jina la Misa, wala si kinyume chake. Shemasi anawaruhusu watu waondoke. Wewe umewaambia waondoke kwa sababu Misa ipo. Misale itakupa "Nendeni na amani", pamoja na itikio lake, "Tumshukuru Mungu".

Na "Kyrie eleison", yaani "Bwana, utuhurumie", usiihangaikie katika kamusi hiyo, maana ni Kigiriki. Niwekee hapa yote uliyokwisha kuandika, uanze na ukurasa wa Mtakatifu.