Programu inapima kinundu kilekile, majibu tofauti

Mkuu, umesema kinundu kimoja cha mapafu programu inakipa mara 5 mm mara 6 mm, unauliza kama ni mbovu. Usiitupe kwanza, angalia unene wa vipande vya CT (picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande), maana kama vina 5 mm basi kinundu chote kinaishia kwenye picha moja mbili na hapo inabahatisha tu, na hiyo milimita moja kwa ujazo ni kama 73% zaidi! Shusha data ya RIDER, mkusanyiko wa picha za CT za mapafu, wagonjwa 32 walipigwa CT mara mbili ndani ya dakika 15, sasa uvimbe utakua saa ngapi hapo? Tofauti utakayoona ni pumzi ya mgonjwa au kosa la kipimo. Halafu zumu uone mstari ambao programu imeuchora kuzunguka kinundu, programu yangu ilikuwa inameza kamshipa ka damu pembeni.