Mbwa na taswira yake majini

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye picha za bwawani mbwa wako anatoka vizuri, ila taswira yake majini inakuwa hafifu. Umesema ulipiga ukiwa umesimama, na hapo ndipo tatizo lilipo. Lala kifudifudi kabisa, kamera iwe kama shubiri moja juu ya maji. Ukiyatazama kwa mshazari hivyo, maji yanaakisi zaidi na tope la chini halionekani. Kama lenzi ina filta ya kuondoa mng'ao, itoe. Hiyo inafuta taswira yenyewe.

Nenda alfajiri, kabla upepo haujaanza. Mbwa akishakunywa maji, usibonyeze bado. Subiri viwimbi vitulie, tone la mwisho likiwa bado linaning'inia kidevuni. Wangu hutulia hapo sekunde mbili hivi, masikio mbele, akijitazama, na kwangu hakuna picha tamu kuliko hiyo. Fokasi iwe kwenye jicho lake halisi, kasi ya shata (muda kamera inavyopokea mwanga) 1/500 ya sekunde, na acha nafasi ya kutosha chini ya fremu, masikio ya majini yasikatwe.

Usimlazimishe kusogea ukingoni. Mkia ukishuka, mpumzishe, mje tena siku nyingine.