Upanga wa Kijapani wa babu: usisugue kutu, usiuze bado

Mkuu, nimekuelewa. Babu alikuwa Keya (jeshi la KAR la Waingereza), akarudi kutoka Bama, yaani Burma, na upanga wa Kijapani, sasa upo kwenye sanduku lake na kuna mtu kakutajia laki tatu. Inawezekana kabisa: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani bonde la Kabaw mwaka 1944. Ila usiuze bado, na kutu iliyo ndani ya mpini usiiguse.

Nasema kwa machungu. Nipo Leicester, kazi yangu ni kuondoa vyombo kwenye nyumba za marehemu, na panga hizi nimeshazishika kama kumi na tano. Wa kwanza niliununua paundi 180. Nikavua mpini, nikakuta kikia, ile sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini, cheusi chenye kutu, nikakisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa kama sufuria ya shughuli. Mzee mmoja anayezijua alipokiona akavua miwani, akanirudishia bila neno. Rangi ya kutu ile ndiyo inayoonyesha umri, na mimi nilikuwa nimefuta umri pamoja na nusu ya jina la mhunzi.

Anza na mpini. Kama ni wa chuma kilichofinyangwa kuigiza kamba na kupakwa rangi, umefungwa kwa skrubu, na kuna namba iliyogongwa kwenye bapa karibu na mpini, huo ni wa sajenti, modeli ya 1935. Ni wa kiwandani. Usidharau lakini: angalia kama namba ya kwenye ala ni ileile, zikilingana bei inapanda. Hizi ndizo zinazoigizwa sana pia.

Kama mpini ni mti uliovikwa ngozi ya taa (ndiyo, taa huyuhuyu wa baharini, utaona vichunjua vyake) na kuzungushiwa kamba, huo ni wa ofisa. Hapo ndipo kazi ilipo, maana maofisa wengine walivisha bapa la ukoo la miaka mia tatu kwenye mpini wa jeshi. Kwa nje huwezi kujua.

Tafuta kijiti cha mwanzi kilichopenya mpini. Kisukume kitoke kwa kijiti kingine cha mti, polepole. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama, makali yasikuelekee, kisha gonga ngumi yako ya kushoto kwa ngumi ya kulia. Bapa litalegea lenyewe. Ukigoma, uache. Usiguse bapa kwa vidole, jasho linaleta kutu.

Sasa soma kikia, pande zote mbili. Upande mmoja huwa na jina la mhunzi, mwingine tarehe. Ukiona mwaka wa Showa (enzi ya mfalme Hirohito), jumlisha 1925: Showa 17 ni 1942. Chapa ndogo ya Seki (mji wa wahunzi) au ya Showa kwa kawaida ina maana bapa halikufuliwa kwa njia ya jadi. Chapa ya nyota ni habari njema, huyo alikuwa mhunzi aliyekubaliwa na jeshi, akifua kwa chuma cha jadi. Kikia kisicho na maandishi chenye matundu mawili matatu usikate tamaa nacho, huenda ni cha zamani kilichofupishwa. Kutu ikiwa mpya, ya rangi ya chungwa, shuku.

Usipeleke kwa fundi wa visu akunolee. Kunoa kwa Kijapani ni kazi ya wiki kadhaa na inaweza kugharimu kuliko upanga wenyewe.

Ule wangu niliouharibu niliuuza paundi 210. Mwingine wa nyota, kikia hakijaguswa, ulinipa 1,400.

Weka hapa picha za kikia pande zote, bapa zima likiwa uchi, na kishada kinachoning'inia kwenye mpini kama bado kipo: kahawia na buluu ni luteni au kapteni, kahawia na nyekundu ni meja hadi kanali. Na kama babu aliacha barua au picha ya Bama, usiitenganishe na upanga.