Shangazi Anajibu: Mji Uliomkera Tajiri Dirishani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Dada yangu ni muuguzi Uingereza. Mwezi uliopita alinitumia picha ya kijiji kilichoko Dorset. Barabara moja inateremka, na kila upande pana nyumba nyeupe zilizoezekwa nyasi, zote sura moja, kama zimetoka kwenye kalibu ya matofali. Nilidhani ni hoteli ya watalii, lakini dada anasema ni kijiji cha watu. Habari zake hazijui. Nani alizijenga? Na kwa nini tajiri wa Uingereza ajenge nyumba za nyasi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barabara hiyo naijua, nimeipanda na kuishuka. Kijiji kinaitwa Milton Abbas. Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi ya kuhudumia wazee Dorset kwa miaka sita, na bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha na kumpikia chai alizaliwa ndani ya mojawapo ya nyumba hizo. Alikuwa hapendi watu waseme mbele yake kwamba kijiji chao ni kizuri. Alikuwa akisema, "Uliza kwanza kilichokuwapo."

Kilichokuwapo ni mji. Mwaka 933 hivi mfalme Athelstan alianzisha kanisa katika bonde lile, na mwaka 964 wakaingia watawa wa Mtakatifu Benedikto. Penye watawa pana sadaka, penye sadaka pana soko, na ubavuni mwa abasia, yaani makao ya watawa hao, ukakua mji ulioitwa Middleton. Ulikuwa na nyumba zaidi ya 100, soko, baa kadhaa, bia iliyosifika, na shule ya wavulana iliyoanzishwa na abati, mkuu wa watawa, mwaka 1521. Watawa wenyewe waliondolewa mwaka 1539, Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa nchi nzima. Mwaka uliofuata abasia na mashamba yake yakanunuliwa kwa pauni 1,000 na John Tregonwell, mwanasheria aliyemsaidia mfalme kumwacha mke wake wa kwanza. Abasia ikawa makazi ya familia moja. Mji ukaendelea na biashara zake mlangoni pale pale.

Mwaka 1752 akaja mnunuzi mwingine, Joseph Damer. Mali ya ukoo wake ilitokana na babu yake mdogo, mkopeshaji fedha wa Dublin. Alikuwa amemwoa Caroline Sackville, binti wa Duke wa Dorset, cheo cha juu kabisa miongoni mwa makabaila, na mwaka mmoja baada ya kununua naye akapewa cheo, akawa Lord Milton. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafungua dirisha asubuhi, anaona moshi wa majiko ya watu, anasikia kelele za gulio, na vijana wa shule wanaruka ukuta kuiba matunda yake. Wenzake wakati ule walikuwa wakishindana kwa mandhari: jumba peke yake, majani ya kijani mpaka upeo wa macho, ziwa, kondoo kwa mbali. Kwake palikuwa na mji mzima katikati.

Akaamua mji uondoke.

Usidhani aliamka siku moja na matingatinga. Kazi ilimchukua miaka mingi, na sababu yake ni ya kisheria. Wakazi wengi walikuwa na mikataba ya upangaji ya aina iliyozoeleka Dorset: mkataba ulitaja watu watatu kwa majina, na haukuisha mpaka wa mwisho kati yao afariki. Mwenye ardhi hawezi kumtoa mtu kabla ya hapo. Kwa hiyo Lord Milton akawa ananunua mkataba mmoja mmoja, na mingine akisubiri watu wafe. Nyumba ikibaki tupu, inabomolewa. Shule nayo ikahamishiwa mji wa Blandford mwaka 1785, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge.

Kuna mmoja aliyegoma. Aliitwa William Harrison, naye alikuwa wakili. Masimulizi ya pale, niliyoyasikia kwa bibi yule na kwa kila mtu niliyemuuliza, ni kwamba Lord Milton alipochoka kumbembeleza alifungulia milango ya maji ya bwawa la zamani la abati, maji yakaingia nyumbani kwa Harrison. Harrison akaenda mahakamani na akashinda. Bibi akifika hapo alikuwa anapiga mkono wa kiti. Alizungumza kana kwamba kesi ilisikilizwa juzi.

Huku nyuma kijiji kipya kilikuwa kinajengwa. Lancelot Brown, bingwa wa kubuni mandhari aliyejulikana Uingereza nzima kwa jina la utani la Capability, alikuwa kazini pale tangu 1763, na miaka kumi baadaye akachora mpango wa kijiji. Mbunifu wa jumba la Lord Milton, William Chambers, anatajwa pia katika kazi hiyo. Walichagua bonde jembamba, nyuma ya kilima, mahali ambapo hata ukisimama juu ya paa la jumba hukioni kijiji. Ndiyo maana barabara inajipinda vile. Kufikia 1780 hivi nyumba 36 zilikuwa zimesimama, kila moja na kipande cha majani mbele yake, na kati ya nyumba na nyumba mti mmoja. Miti ile mikubwa ilikuja kukatwa katika karne ya 20.

Sasa nyasi. Uingereza ya wakati ule nyasi hazikuwa urembo, zilikuwa paa la mtu wa kawaida, kama kwetu. Kuta za Milton Abbas ni za udongo wenye chokaa uliochanganywa na majani makavu, ukakanyagwa, ukapandishwa tabaka kwa tabaka. Hazina fito ndani, si mbavu za mbwa, bali ni udongo mtupu mnene sana uliopakwa rangi. Juu wameezeka kwa mabua ya ngano. Vitu vyote hivyo vilipatikana jirani, kwa bei ndogo. Leo nyumba kama hiyo hainunuliki, na fundi wa kuezeka ni mtu wa kuwekewa miadi.

Kitu ambacho picha haikuonyeshi ni hiki: nyumba unayoiona moja ilijengwa kwa familia mbili. Mlango wa mbele ni mmoja, ukiingia unakuta ukumbi mdogo, kulia mlango wa huyu, kushoto mlango wa yule. Bibi aliniambia mama yake alijua jirani amepika nini na amegombana na nani. Na piga hesabu: nyumba 36 kwa familia mbili ni makazi 72. Mji ulikuwa na nyumba zaidi ya 100. Waliobaki walikwenda kutafuta pa kuishi kwingine.

Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, Tanga. Baba alikuwa mkataji, nyumba yetu ilikuwa chumba na ukumbi katika safu ndefu ya nyumba zilizofanana, zimepakwa chokaa kila mwaka kabla ya wageni wa kampuni kufika. Wageni walipiga picha. Baba alipoumia mguu na kuacha kazi, tulipewa mwezi mmoja kuondoka, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi. Ndiyo maana niliposhuka barabara ya Milton Abbas mara ya kwanza, kabla hata ya kusimuliwa lolote, nilimuuliza bibi: hizi nyumba zilikuwa za nani? Akaniangalia, akasema mimi ndiye mgeni wa kwanza kuuliza hivyo.

Na wafanyakazi wa mashamba ya Dorset walijua uzito wa swali hilo. Mwendo wa kilomita chache kutoka pale kuna kijiji cha Tolpuddle, ambako mwaka 1834 vibarua sita wa shamba walipelekwa uhamishoni Australia. Kosa lao lilikuwa kula kiapo cha siri katika chama walichokiunda kupinga kukatwa mshahara wa shilingi saba kwa wiki. Mtu ambaye mshahara wake na paa lake vinatoka mkono mmoja anafikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Harrison alikuwa na mkataba wake mwenyewe, na sheria aliijua.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Niliwahi kusikia kwamba Rais Kennedy wa Marekani alimzuru dada yake aliyezikwa katika kijiji cha makabaila Uingereza. Ni kijiji gani, na kinahusianaje na jumba la Chatsworth? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni Edensor, katika Derbyshire. Watu wa pale hutamka "Enza". Dada yake Kennedy, Kathleen, aliolewa na William Cavendish, mrithi wa Duke wa Devonshire, mwenye Chatsworth. Mumewe aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1944, miezi michache baada ya harusi. Kathleen naye akafa kwa ajali ya ndege Ufaransa mwaka 1948, akazikwa pale kwa wakwe. Kaka yake alikwenda kaburini Juni 1963, naye mwenyewe hakumaliza mwaka ule.

Edensor nacho kilihamishwa, kwa sababu ile ile ya kuonekana kutoka kwenye jumba. Duke wa 6 ndiye aliyeagiza, na msimamizi alikuwa Joseph Paxton, mkuu wa bustani zake, ambaye baadaye alibuni jumba la vioo la maonyesho makubwa ya London ya 1851. Ujenzi ulikuwa kati ya 1838 na 1842. Tofauti na Milton Abbas, hapa hakuna nyumba inayofanana na mwenzake: moja ina mnara wa Kiitalia, nyingine paa la Kiswisi, nyingine kama ngome ndogo. Ng'ambo ya barabara imebaki nyumba moja tu ya kijiji cha zamani, peke yake ndani ya ukuta wa bustani. Paxton amezikwa katika uwanja wa kanisa la hapo hapo, tangu 1865.

SWALI: Shangazi, mimi naishi Leicester na familia. Tunataka kwenda Dorset siku moja na watoto. Milton Abbas kuna nini cha kuona zaidi ya nyumba? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Kuna mengi, ila mpange mguu, maana ni kutembea. Ni kilomita 11 hivi kutoka Blandford.

Anzeni kijijini. Katikati ya barabara, kanisa la Mtakatifu James la mwaka 1786 linatazamana na nyumba za wazee maskini. Nyumba hizo ndizo za kuangalia kwa makini, kwa sababu zilijengwa mwaka 1674 katika mji wa zamani, zikabomolewa na kujengwa upya hapo mwaka 1779. Mji mzima ulikufa, zikahamishwa hizo. Kanisa la kijiji lilijengwa ili wanakijiji wasiende tena kusali kanisa kubwa la abasia, lililo ubavuni mwa jumba la bwana. Kila baada ya miaka miwili wakazi hufanya tamasha barabarani, wamevaa mavazi ya karne ya 18. Watoto watalipenda.

Kisha teremkeni mpaka ziwani. Watawaambia mji uko chini ya maji na kengele husikika usiku. Kengele muziache. Maji yamefunika sehemu tu. Mji mwingi umelala chini ya majani, na jua likiwa chini jioni mnaona matuta na mashimo mahali palipokuwa na mitaa. Mimi nilisimama hapo mpaka bibi akapata baridi.

Kanisa la abasia ulizeni kwanza kama liko wazi. Lilichomwa na radi mwaka 1309, wakaanza kulijenga upya, na upande wa magharibi haukujengwa kabisa, ndiyo maana linaonekana kama limekatwa. Ndani kuna habari ya mtoto John Tregonwell, wa ukoo wa yule mwanasheria, mwenye miaka mitano, aliyeanguka kutoka juu ya kanisa na kupona kwa sababu gauni alilovaa, kama watoto wa kiume walivyovalishwa wakati ule, lilijaa upepo. Alipokuwa mtu mzima akaliachia kanisa vitabu vyake kwa shukrani.

Na humo humo yumo Lord Milton. Mkewe alifariki 1775, kabla kijiji hakijakamilika, akamtengenezea kaburi la marumaru lililochongwa na Agostino Carlini: mke amelala, mume ameegemea kiwiko anamtazama. Mwaka uliofuata mtoto wao John, akiwa na madeni ya pauni 70,000, alijipiga risasi katika baa moja London. Baba aliishi mpaka 1798, na mandhari yake yote aliyoyataka yakiwa nje ya dirisha. Wanawe wengine hawakuacha mtoto, mali ikaenda kwa ndugu, na mwaka 1852 ikauzwa kwa Hambro, mtu wa benki, ambaye jina lake mtaliona kwenye kibao cha baa ya kijijini.

Mkiwa bado na nguvu, ng'ambo ya kanisa kuna ngazi 111 za majani zinazopanda kilimani mpaka kikanisa kidogo cha Mtakatifu Katarina. Ngazi hizo huteleza mvua ikinyesha, vaeni viatu vyenye meno. Na kijijini watoto wasichungulie madirishani, watu wanaishi mle.