Kiuvimbe cha kope kimerudi mara ya tatu, mama achomwe sindano?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 62, tupo Tukuyu. Mwaka jana alitokewa na kiuvimbe kope ya juu, tukajua chokea tu, hospitali wakakipasua kikarudi, wakapasua tena, sasa kimerudi palepale na nywele za kope hapo zimenyonyoka. Juzi tumempeleka Mbeya mjini dokta kasema watavuta kwa sindano wakapime, ila majirani wanasema ukichoma sindano kansa inasambaa na jicho linapofuka. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpeleke mama, tena wiki hii, msisubiri hela ya mauzo ya chai ya mwisho wa mwezi. Chokea ya mtu mzima inayorudi palepale na kunyonyoa nywele mimi siiti tena chokea, kuna kansa ya tezi za mafuta za kope, haiwapati wengi lakini inajifananisha na chokea mpaka inawapita hata madokta, na kinachoniuma ni kwamba kile walichokipasua mara mbili ilibidi kiende maabara.

Hiyo sindano ni nyembamba, geji 23 mpaka 25 hivi (namba ikipanda sindano inazidi kuwa nyembamba), kama zile za chanjo ya watoto. Dokta anaishika kope kwa vidole, anaingiza sindano kwenye uvimbe wenyewe, haigusi mboni, anavuta sekunde chache basi. Kinachotoka ni kitone tu, wanakipaka kwenye kioo, wanakitia rangi wanakiangalia kwa hadubini, na seli za kansa hii mara nyingi utaziona zina vitundu vitundu vya mafuta ndani kama povu la sabuni. Kusambaza kansa kwa sindano nyembamba hivyo ni nadra sana, kuchelewa ndiko kunakoisambaza.

Ila majibu yakija safi na uvimbe bado upo msirudi nyumbani kushangilia, kitone kinaweza kukosa seli zenyewe, hapo ombeni akatwe kinyama kipimwe. Na kabla ya kuondoka mwambieni dokta ampapase mbele ya sikio na chini ya taya, maana kansa ya kope ikihama huwa inakimbilia kwenye tezi za huko, na tezi ikiwa imevimba nayo inachomwa sindano hiyohiyo.