Kabla ya kupanga chakula cha juma, nahesabu makala (makaa ya kupikia)

Mama mwenzangu, umeuliza jinsi mtu anayerudi kazini jioni anavyoweza kupanga vyakula vya juma zima bila kuishia kwenye bugali (ugali) na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kila siku, na umeomba pia mapishi tunayoyategemea nyumbani. Mimi naishi Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, upande wa Kadutu, na kwetu tunakula watu tisa: mume wangu nami, mama mkwe, watoto watano, na shemeji anayesoma chuoni.

Mara ya kwanza nilipojaribu kupanga, niliandika katika daftari vyakula saba, kimoja kwa kila siku, nikajiona nimemaliza kazi. Jumanne nilifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, daftari likisema maharage, na maharage yenyewe yakiwa bado makavu ndani ya ndoo. Tulikula saa nne usiku, watoto wawili wadogo wakiwa wameshalala. Kesho yake mama mkwe aliniambia kwa upole, "Mwanangu, unapanga chakula kama vile mbabula haipo," yaani jiko letu la makala. Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo naanza kwa kuhesabu moto, ndipo nachagua chakula, na gunia la makala lililokuwa likiisha kwa siku 18 sasa linafika siku 25.

Maharage hasa hayana huruma katika mji wetu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hata yakitokota sana bado hayana joto linalotosha kuyalainisha upesi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Uvira, chini kabisa kwenye Ziwa Tanganyika, hunicheka nikimwambia muda ninaotumia. Dawa ya maharage ni kuyaloweka tangu Ijumaa usiku na kuyapika Jumamosi, siku ya moto mrefu, mara tu sombe (mboga ya majani ya muhogo) inapoondoka mbabulani na makala bado ni mekundu. Kisha nayachemsha asubuhi na jioni ili yasichache, kwa kuwa hatuna friji, na Jumanne nayakaanga tu kwa kitunguu na nyanya.

Sombe ndiyo nguzo ya ratiba yetu, maana tunaila Jumamosi na inarudi Jumatatu ikiwa tamu zaidi. Nachukua mafungu manne ya majani machanga ya muhogo, nayatwanga kinuni pamoja na puaro (liki, jamii ya kitunguu), pilipili mboga mbili, bilinganya mbili na vitunguu saumu, hadi nisione tena uzi wa jani. Sokoni wanauza iliyokwisha kutwangwa, lakini mimi napenda kuyaona majani kabla hayajawa ujiuji. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kule kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa, kwa hiyo saa ya kwanza naichemsha kwa maji matupu, sufuria ikiwa wazi, na sikubali mtu aifunike kwa sababu ya haraka. Baadaye natia vijiko vitano vya mawese, konzi moja ya ndagala (dagaa) kavu waliooshwa vizuri, na karanga zilizosagwa nilizoziyeyusha katika maji ya uvuguvugu, kisha napunguza makala. Chumvi huja mwisho, maana ndagala nao wana yao. Itakuwa tayari maji yakikauka na mawese yakianza kuonekana pembeni mwa sufuria kama pete nyekundu. Mume wangu husema sombe ya kweli haina karanga, na bado sahani yake hurudi tupu.

Jumapili ni wali na nyama, kwa sababu ya wageni. Jumatano ni lengalenga (mchicha) na mayai, jambo la dakika ishirini.

Alhamisi ni sambaza, lakini kabla ya kuiandika natazama mwezi. Wavuvi wa Kivu huwavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa, mavuno hupungua na bei hupanda asubuhi ile ile. Juma hilo nanunua ndagala wa Tanganyika badala yake. Si mbali kiukoo, kwani sambaza wenyewe waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakipatikana, nawaosha maji matatu, nawatia chumvi na ndimu, kisha nawaacha katika chujio hadi wakauke kabisa, maana sambaza wenye maji hurusha mafuta na hawakauki. Nawamimina kidogo kidogo katika mafuta ya moto sana na siwagusi hadi waachane wenyewe na kikaango. Watoto hugombea vichwa.

Ijumaa naiacha bila jina. Makala ya juma yanakuwa yamebaki vipande, nami nimechoka, kwa hiyo shemeji ndiye anayepika anachokiweza, mara nyingi viazi vitamu. Majuma mawili yaliyopita aliviunguza akisoma, tukala mkate na chai.