Silinda ndefu majini: je, unaweza kuondoa mhimili wa z?

Umeuliza kama mtiririko wa maji unaokatiza silinda ndefu unaweza kupigiwa hesabu kwa x na y pekee, bila z, yaani mwelekeo wa urefu wa silinda. Anza na namba ya Reynolds, ndugu: kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa kinematiki (mnato uliogawanywa kwa msongamano wa maji). Maji ya nyuzi 20, kipenyo sentimita 1, kasi sentimita 1 kwa sekunde, unapata 100 hivi. Hapo ondoa z bila wasiwasi. Mizunguko inachomoka nyuma ya silinda, lakini inafanana kotekote kwenye urefu wake. Tumia fanksheni ya mkondo ψ: kasi ya kuelekea x ni u = ∂ψ/∂y, ya kuelekea y ni v = −∂ψ/∂x; uhifadhi wa masi unatimia wenyewe.

Ukipita 190 hivi, tafadhali usilazimishe. Mizunguko halisi hupinda na kuvutika kuelekea z, nawe ukihesabu kwa x na y tu utapata ukinzani mkubwa kupita kiasi.